Bega Limetoka, na Picha Yaonekana Sawa

(Mazungumzo tuliyotoa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Leo hatuzungumzi habari ya mikopo wala mbuzi wa maziwa. Tumekuja na picha tatu za eksirei. Zipitisheni mkono kwa mkono, mziinue kuelekea dirishani.

Sisi si madaktari, na kusoma picha ni kazi yao. Lakini mgonjwa anayeelewa kidogo anaweza kuuliza.

Kwenye picha mfupa ni mweupe, nyama ni ya kijivu, hewa ni nyeusi. Picha ya kwanza ni bega zima. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo kama chungwa, nacho kimeegemea kikombe cha bega. Kikombe chenyewe hakina kina, ni kama kisahani. Ndiyo maana mkono huzunguka pande zote, na ndiyo maana bega hutoka kwa urahisi.

Picha ya pili, kisahani ni kitupu. Chungwa limeteremka na kusogea upande wa mbavu, chini ya kifupa kilichopinda kama mdomo wa ndege. Hili limetokea mbele. Mabega yakitoka 100, kama 95 hutoka hivi. Hata kwa macho utaliona: bega limepoteza mviringo wake, limekuwa na pembe.

Sasa picha ya tatu. Mnaona shida? Hamwoni, si ndio? Hata aliyeisoma mara ya kwanza hakuiona.

Ni ya mama mmoja wa kikundi chetu. Ana kifafa. Alianguka usiku, asubuhi mkono ukawa umekunjwa tumboni, hawezi kuugeuza nje hata kupokea sahani. Alipigwa picha moja tu, ya mbele. Akaambiwa hakuna mfupa uliovunjika, akapewa dawa ya maumivu. Majuma matano hakuja kuchimba matuta. Sisi tukasema ni mvivu, tukamtoza faini. Ndiyo, sisi wenyewe tuliiandika kitabuni.

Hospitali ya pili walimpiga picha nyingine kutoka upande. Hapo kila kitu kikaonekana: bega lilikuwa limetokea nyuma. Muda ulikuwa umepita, halikurudi kwa kuvutwa. Ikabidi apasuliwe. Faini tulimrudishia na tukachanga, lakini ile aibu hatujaisahau.

Bega la namna hii hutokea hasa baada ya kifafa au kupigwa na stima. Katika picha ya mbele, kichwa cha mfupa chaweza kukaa karibu na mahali pake. Ila tazameni tena: bega zima, kichwa huinamia upande mmoja kama kichwa cha rungu. Hiki ni cha mviringo pande zote, kama balbu ya taa.

Basi tukumbuke haya:

1. Bega likitoka, usivute wala kukanda. Pengine mfupa pia umevunjika, na mishipa iko karibu. Fungia mkono kwa leso ulivyo, uende hospitali.

2. Vidole vikiwa baridi au ganzi, mwambie daktari mara moja.

3. Uliza kwa heshima: "Daktari, tumepigwa picha ya upande pia?" Picha moja haitoshi.

4. Bega likirudishwa, hupigwa picha tena. Zitunze zote nyumbani.

5. Mtu wa kifafa akishindwa kugeuza mkono nje, msimwache, hata kama picha ya kwanza yasemekana ni sawa.

Na sisi viongozi, kabla ya kuandika faini, twende kwanza tukamwone mwenzetu nyumbani kwake.