Risala ya Mwenyekiti: Jinsi Tulivyoinunua Kambi ya Ziwani



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Wapo wenzetu tulioanza nao ambao hatunao tena. Tusimame kidogo tuwakumbuke. Ahsanteni, tukae.

Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 22. Hisa ilikuwa shilingi 1,000, na wengi wetu tuliipata kwa kuuza vitunguu saumu na mayai. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu, na kila ufunguo ulikaa kwa mtu wake. Hayo mnayajua. Leo tumeombwa tueleze jinsi sisi wa Endagikot, tunaokaa huku juu kwenye baridi, tulivyopata kambi ya samaki kando ya Ziwa Babati. Mitaani yanasemwa mengi. Wengine wanasema tulipewa na mfadhili. Hatukupewa. Tutaeleza yote, hata yale ya aibu, ili wanaotufuata wajifunze.

Mwaka 2019 tulisikia kuna ndugu mmoja anauza kambi yake. Ilikuwa na vyumba vinne vya wageni, jiko la kukaangia samaki, choo na mitumbwi miwili. Alitaka milioni 24. Akasema tukilipa ndani ya wiki mbili atatupunguzia milioni 3. Jamani, milioni tatu! Tulipanda basi tukateremka Babati watu saba kwenda kuona. Wengi wetu tulikua bila kula samaki nyumbani. Siku ile tulikula perege na ugali mpaka tukasahau kilichotupeleka. Ziwa lilikuwa limetulia, viboko wanapumua kule mbali, nasi mioyoni tulishanunua.

Mama aliyetukaangia samaki alikuwa mkarimu sana. Mmoja wetu, mama mtu mzima, alimfuata jikoni kumshukuru, akamwuliza, "Dada, mkishauza hapa mtahamia wapi?" Yule mama akaweka mwiko chini. Akasema, "Kuuza nini?" Kumbe ndiye mke wa mwenye kambi. Chumba cha tano cha nyuma ndicho walichokaa yeye na watoto, na habari ya kuuzwa alikuwa hajaisikia.

Hapa ndipo penye aibu yetu. Tuliporudi tulikaa kikao mpaka usiku. Baadhi yetu tulisema hayo ni mambo ya nyumba yao, sisi tulipe tuchukue hati. Tulisema hivyo sisi ambao baadhi yetu tuliuziwa mashamba na ng'ombe bila kuulizwa! Yule mama mtu mzima akasema, "Nilipouziwa ng'ombe wangu, aliyenunua naye alisema ni mambo ya nyumba yetu." Kikao kizima kikanyamaza.

Tulikwenda kuuliza ofisi ya ardhi. Tukaelezwa kuwa kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Kumbe tungelipa kimyakimya, yule mama angeweza kwenda mahakamani na fedha za hisa zetu zikapotea. Lakini tusijisifu kwa sheria. Hata kama sheria isingekuwepo, tulikuwa karibu kumdhulumu mwanamke mwenzetu kwa milioni tatu.

Basi, wiki mbili zikapita na punguzo likapotea. Wazee wa pande zote mbili walikaa na wale wanandoa kwa muda wa miezi miwili. Mwishowe mama alikubali kwa masharti yake: sehemu ya fedha iingie kwenye akaunti yake mwenyewe, naye abaki kuendesha jiko kwa mshahara. Tulilipa milioni 24 kamili, wote wawili wakatia sahihi mbele ya mashahidi.

Nani alijua kwamba huyo ndiye angetuokoa? Kwanza alitwambia tupime. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tulipima kwa kamba: vyumba vilikuwa nje ya mita 60, lakini jiko na choo vilikuwa ndani. Hilo muuzaji hakututajia. Ilibidi tuvunje na kujenga upya juu, na kwa ajili hiyo mwaka ule hatukugawana faida. Kuna waliotukasirikia, wawili wakajitoa. Tunawaelewa.

Pili, alituonyesha maji yalikofika mwaka 1990, ziwa lilipofurika mpaka mjini Babati. Tukajenga juu ya alama hiyo. Mvua kubwa za 2020 zilipokuja, maji yalifika pale lilipokuwa jiko la zamani. Mwaka huohuo wenzetu wa Ziwa Baringo kule Kenya walipoteza hoteli na shule ndani ya maji. Sisi tulipoteza benchi mbili na mtumbwi mmoja.

Kuhusu uendeshaji, tutasema kweli. Mwaka wa kwanza mteja wetu mkubwa alikuwa mwanachama asiyelipa. Kila mmoja alikwenda na shemeji, shangazi na wajukuu, wanakula samaki, wanaaga. Tukaweka kanuni: mwanachama analipa kama mgeni, hata mwenyekiti. Daftari la kambi tukalitenga na sanduku la hisa, hakuna kukopeshana baina ya hivyo viwili.

Wageni wetu si wazungu kama tulivyoota. Ni walimu, madereva, wanakwaya, na familia za Babati siku ya Jumapili. Wachache hulala hapo wakielekea Mlima Hanang. Anayetaka kuvua kwa ndoano huenda na mvuvi mwenye leseni, amevaa boya, na saa kumi na moja jioni mitumbwi yote iwe nchi kavu kwa sababu ya viboko. Samaki wachanga hatununui, hata tukiletewa kwa bei ya kutupa. Tukiwamaliza hao, kesho tutawakaangia wageni nini?

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunayo maombi mawili. Kwanza, wataalamu wa uvuvi waje kutufundisha kufuga samaki kwenye mabwawa, tusitegemee ziwa peke yake. Pili, elimu ya sheria za ardhi na ndoa ifike kwenye vikundi vyote vya akina mama kabla hawajanunua chochote. Sisi tuliipata kwa bahati, kwa swali moja lililoulizwa jikoni.

Yule mama sasa ni mwanachama mwenzetu. Ameketi pale mbele, na ufunguo wa tatu wa sanduku anaushika yeye. Dada, mbele ya watu wote hawa tunakuomba radhi kwa kile kikao cha usiku. Hatukuwahi kukwambia tulichokisema. Leo umekisikia.

Wanachama wenzetu, tudumishe umoja. Mungu akibariki kikundi chetu, aibariki Mbulu na Tanzania yetu.