Mna Nini Chupani? Mitishamba, Homeopathi na Homa ya Mtoto katika Pwani ya Kilifi



Nimeombwa nizungumzie usalama na nguvu ya mitishamba inayotumika katika dawa za homeopathi. Mada ni pana na muda ni mfupi, kwa hiyo nitashika mti mmoja na ugonjwa mmoja. Mti ni mwarobaini, ambao wengi wetu huku twauita mkilifi. Ugonjwa ni homa ya mtoto mdogo, ile inayoanza jioni kama mzaha na kufikia degedege kabla wazazi hawajakubaliana nani aitwe.

Nimeuchagua mwarobaini kwa sababu unaingia katika chupa mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza mnaijua: majani au magome yaliyochemshwa, yakatiwa kwenye chupa iliyokuwa ya soda, uchungu wake unakaa kooni nusu siku. Ya pili ni ndogo, ina lebo ya kiwandani yenye jina la Kilatini, Azadirachta indica, na mbele yake namba na herufi: 6C, 30C. Ndani mna tembe nyeupe za sukari au matone ya pombe. Mti wenyewe asili yake ni Bara Hindi, na wahomeopathi wa India ndio waliouingiza katika dawa zao. Mnunuzi akiona chupa zote mbili zimeandikwa "mitishamba asilia" hudhani amepewa kitu kimoja kwa bei mbili.

Tiba ya homeopathi, watu wa pwani wakumbuke, ilizaliwa kutokana na homa yetu hii hii. Mwaka 1790 daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, alikuwa akitafsiri kitabu cha dawa cha Mskoti William Cullen. Hakuridhika na maelezo ya Cullen kuhusu gome la mti wa sinkona, lililoletwa kutoka Amerika Kusini na ambalo lilikuwa likitibu homa za vipindi, yaani malaria. Basi akalinywa yeye mwenyewe, hali ni mzima. Akaona baridi, moyo ukaenda mbio, viungo vikalegea, akasema hizi ndizo dalili za homa yenyewe. Kutokana na hapo akatoa kanuni aliyoitangaza mwaka 1796: kinachomletea mtu mzima wa afya dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Baadaye akaongeza ya pili, kwamba dawa izimuliwe na kutikiswa, na kadiri inavyozimuliwa ndivyo nguvu yake inavyopanda.

Kanuni ya kwanza haitamshangaza mganga wa huku. Ya pili ndiyo inayotaka kalamu na karatasi. Alama 1C maana yake ni tone moja la dawa katika matone 99 ya maji au pombe. Chukua tone moja la mchanganyiko huo, litie katika matone mengine 99, umepata 2C. Ukifika 6C, mmea umebaki sehemu moja katika sehemu trilioni moja. Ukifika 12C, hesabu za kemia zinasema ni bahati kukuta hata molekuli moja ya mmea ule chupani. Na 30C ni sehemu moja katika namba yenye sifuri 60. Mtu akiniuliza kama mwarobaini wa chupa ya 30C una madhara, nitamwambia hauna, kwa kuwa humo hamna mwarobaini. Akiniuliza kama unatibu, sababu ni ile ile na jibu ni lile lile.

Wapo watakaosema nina haraka ya kuhukumu. Baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti zilizokuwapo na mwaka 2015 likahitimisha kwamba hakuna ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kuwa homeopathi inautibu. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani lilionya watu wasiitegemee kwa malaria, kifua kikuu, Ukimwi, mafua makali wala kuhara kwa watoto wachanga. Orodha hiyo ukiitazama vizuri ni kama rejista ya wodi zetu. Hata hivyo sitawabeza wanaoiendea. Mhomeopathi humsikiliza mgonjwa muda mrefu, humwuliza habari za usingizi, hofu na nyumbani kwake. Mganga wa miti naye hufanya hivyo. Sisi wa kliniki tunaandika cheti kabla mgonjwa hajamaliza sentensi, kisha twashangaa kwa nini amekwenda kwingine.

Hatari ya chupa isiyo na kitu ni saa zinazopotea. Malindi ina jamii kubwa ya Waitaliano, kwa hiyo mfano wa kwao hautakuwa mbali nasi: mwaka 2017, nchini Italia, mtoto wa miaka saba alifariki kwa ugonjwa wa sikio uliotibiwa kwa homeopathi badala ya antibiotiki, hadi usaha ukafika kwenye ubongo. Alikuwa katika nchi yenye hospitali kila mji. Sasa mfikirie mtoto wa Bamba mwenye malaria, siku pikipiki haipatikani.

Lakini msitoke hapa mkidhani kila chupa ya homeopathi ni maji matupu. Zipo zilizozimuliwa mara chache tu, na ipo ile pombe iliyolowekwa mmea wenyewe kabla ya kuzimuliwa hata mara moja. Hizo zina mmea wa kweli na zapaswa kuhukumiwa kama mitishamba mingine. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wazazi mwaka 2010 na tena mwaka 2016 kuhusu tembe za homeopathi za watoto wanaoota meno. Zilikuwa na beladona, mmea wa Ulaya wenye sumu ya atropini. Walipozipima, mwanzoni mwa 2017 wakatangaza kuwa kiasi cha beladona hakilingani kutoka tembe moja hadi nyingine, na baadhi zilikuwa nacho kingi kuliko ilivyoandikwa kwenye lebo. Ndugu ya beladona sisi tunaye: mnanaha, unaoota wenyewe kwenye majalala na mashamba yaliyoachwa, ambao majani yake watu wamekuwa wakiyavuta kwa pumu. Nao umo katika vitabu vya homeopathi, kwa jina la Stramonium. Mtu akizidisha, mboni hupanuka, kinywa hukauka, moyo hukimbia, huanza kuzungumza na wasioonekana. Hapo jamaa huanza kutafuta jini, na sumu inaendelea kufanya kazi yake.

Turudi kwenye mkilifi, maana hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila muuguzi na kila mganga aliyemo ukumbini aondoke nalo. Majani yaliyochemshwa ni kitu kimoja, mafuta ya mbegu ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza katika jarida la Lancet habari za watoto wadogo waliopewa mafuta ya mwarobaini kwa kinywa, kama dawa ya nyumbani ya maradhi madogo madogo. Saa chache baadaye walianza kutapika, wakasinzia, wakapumua haraka haraka, kisha degedege. Ini na ubongo vilikuwa vimeathirika, na wako waliofariki.

Tazameni dalili hizo: kutapika, kusinzia, kupumua kwa kasi, degedege. Mtoto wa namna hiyo akiletwa Hospitali ya Kaunti ya Kilifi usiku, daktari yeyote atafikiria malaria kali, na atakuwa na haki. Mama naye, ambaye amesikia wauguzi wakiwagombeza wenzake kwa ajili ya "dawa za kienyeji", atanyamaza kuhusu mafuta. Atasema tu mtoto amepata nyuni, yaani degedege. Kwa hiyo kuwakaripia akina mama, jambo tunaloliona kama elimu ya afya, kunatunyima habari ambayo tungeihitaji kuliko kipimo chochote cha maabara usiku ule.

Je, mwarobaini unatibu malaria? Katika maabara, kemikali kadhaa za mti huu, mojawapo ikiitwa gedunini, zimeonekana kuua vimelea vya malaria kwenye bakuli la kupimia. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) nao walichunguza mimea inayotumiwa kutibu homa katika Kilifi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011. Baadhi ya mimea hiyo ilionyesha nguvu dhidi ya vimelea. Waganga, kwa hiyo, hawakuwa wakiokota majani ovyo. Lakini bakuli halina tumbo wala ini. Dawa ikinywewa inaweza kuvunjwa kabla haijafika kwenye damu, au ikahitaji kiasi ambacho mwili hauwezi kukivumilia. Majaribio ya kutosha kwa wagonjwa, ya kutuwezesha kumwambia mama ampe mtoto vikombe kadhaa na apone, hatunayo.

Njia ya kutoka majani hadi dawa ipo, na iliwahi kupitwa. Mwaka 1972 mtafiti wa China, Tu Youyou, alipata kutoka kwa mmea wa Artemisia annua kile kinachoitwa leo artemisinini. Majaribio yake ya awali yalikuwa yakimpa matokeo yasiyotulia. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong, kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akaona maagizo ya kuloweka mmea na kuukamua, hayataji kuuchemsha. Akashuku kwamba moto ndio ulioharibu dawa, akatumia njia isiyohitaji joto kali, ikafaulu. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Wazee wangu waganga, hii ndiyo sababu nawauliza kila mara: unachemsha au unaloweka? Kwa muda gani? Jani bichi au kavu? Mnaona kama nadadisi siri ya mtu, kumbe mwenzenu wa China alitengeneza jina lake kwa swali hilo hilo.

Na Kilifi ina sehemu yake katika habari hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kilifi ikiwa kituo kimojawapo. Nusu walitibiwa kwa kwinini, itokayo kwenye gome lile lile la Hahnemann. Nusu kwa sindano ya artesuneti, itokanayo na artemisinini. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walifariki 109, waliopewa artesuneti wakafariki 85. Dawa zote mbili asili yake ni mmea. Zilishindanishwa waziwazi, kwa kipimo kinachojulikana, na iliyoshindwa ikasogezwa kando. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kunywa chai ya majani ya artemisia kwa malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa katika majani hubadilika na mara nyingi hakitoshi. Mmea ule ule, kipimo kimepotea, tiba imepotea.

Sitasema mengi kuhusu sheria. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba asili na tiba mbadala, na inataka kuwe na utaratibu wa rufaa kutoka kwa waganga kwenda hospitalini. Dawa za mitishamba zinazouzwa kama bidhaa zapaswa kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Sokoni mnajua wenyewe hali ilivyo. Niongeze tu kwamba mizizi ikishakatwakatwa na kukauka hufanana, na miti kama mjafari ikipungua, mchuuzi asiye mganga hushawishika kufungia mteja mzizi wowote wenye rangi ya kukaribia. Wazee wanaolinda misitu ya kaya wanalinda pia uhakika wa dawa, jambo ambalo wizara ya afya haijawahi kuwalipa.

Pendekezo langu lina historia hapa hapa. Katika miaka ya 1990 watafiti walioko Kilifi waligundua kwamba wazazi wengi, mtoto akishikwa na homa, hukimbilia duka la kijiji kwanza. Badala ya kuwafukuza wenye maduka, wakawafundisha vipimo vya klorokwini, dawa ya malaria ya siku zile, na watoto waliopata kipimo sahihi wakaongezeka sana. Klorokwini yenyewe baadaye ilishindwa na vimelea ikaachwa, lakini njia ile haikushindwa. Wauza mitishamba na wahomeopathi wanaweza kufundishwa vivyo hivyo, kuanzia na mambo ambayo hayagusi siri ya mtu: mafuta ya mkilifi yasiingie kinywani mwa mtoto kabisa, mjamzito asipewe mwarobaini, na anayemeza vidonge vya kisukari aulizwe kwanza, kwani mti huu hushusha sukari, na mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama ameshaoshwa kwa vuo au kupewa tembe za sukari.

Jambo la mwisho ni kijitabu cha kliniki cha mtoto. Nyuma yake pana nafasi. Naomba kila anayempa mtoto dawa, awe mganga, mhomeopathi au mwenye duka, aandike pale jina la dawa, imetokana na sehemu gani ya mti, amepewa kiasi gani na saa ngapi. Muuguzi atakayesoma asigombe, asome tu na kumpa daktari. Waganga wengi wazee hawaandiki, na sidhani ni busara kuwaachia wajukuu wao kazi hiyo. Naona mhamasishaji wa afya wa kijiji ndiye anayefaa kuwaandikia, ila sijui kama wazee watakubali kumtajia mti mbele ya mteja, na ndilo swali ninalotaka tulijadili kabla ya kwenda kula.