Dagaa, Damu na Vidonge: Mazungumzo na Wanamichezo wa Mwambao

Matini ya mazungumzo ya Afisa Michezo kwa wakazi wa kata za mwambao wa ziwa, wakati wa maandalizi ya timu za shule na vijiji.



Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alifika utepeni bega kwa bega na Mjerumani Amanal Petros baada ya kukimbia zaidi ya kilomita 42. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ilibidi picha ya utepeni iamue. Simbu alikuwa mbele kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Nchi yetu ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia katika riadha.

Tangu siku hiyo vijana hawaniulizi tena namna ya kukimbia. Wananiuliza, "Afisa, yule anatumia nini?" Swali hilo ndilo lililonileta hapa leo, kwa sababu anayeliuliza mara nyingi amekwisha kupata jibu lake mtaani. Kuna mtu amemwambia kuwa kuna kidonge, kuna unga, kuna sindano. Nami nataka tuanze mbali na duka, tuanze jikoni.

Medali za Olimpiki ambazo Tanzania imepata ni mbili tu, zote za fedha na zote za Moscow mwaka 1980. Moja ni ya Filbert Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Ya pili, ya mita 5,000, ililetwa na Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, ng'ambo ya ghuba yetu. Majita ni nchi ya samaki, muhogo na mtama, kama kwetu. Mwambao huu si mgeni wa medali.

Mwanamichezo anayefanya mazoezi makali anahitaji protini baina ya gramu 1.2 na 2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kijana wa kilo 60, basi, anahitaji gramu 72 hadi 120. Tarakimu hizo zinatisha mpaka ujue kilichomo sokoni kwetu. Dagaa wa Ziwa Victoria wakiwa wakavu, takriban nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, na kwa kuwa tunawala wazima, mifupa kwa vichwa, tunapata pia chokaa ya mifupa na madini ya chuma. Yai moja lina gramu sita hivi. Kikombe kikubwa cha maziwa, yawe mabichi yaliyochemshwa au ya mgando, kina nane. Ongeza maharage, kunde na karanga. Mimi huona ajabu mzazi anapouza dagaa gunia zima, kisha ananunua kopo la unga wa protini kutoka ng'ambo ili mwanawe "ajenge mwili". Kopo hilo si haramu, lakini hana analolipata humo ambalo hakuliacha kwenye kichanja cha kuanikia.

Nguvu ya kukimbia, kupiga makasia au kukanyaga baiskeli haitoki kwenye protini. Inatoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi vitamu, muhogo. Hapo Wasukuma tuna hazina ambayo vijana wanaiona ni chakula cha uzeeni. Matobolwa, yaani viazi vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, ni wanga mkavu, mwepesi kubeba, usioharibika upesi, na una utamu wake. Kijana anayeshindana mbio za baiskeli za siku nzima angeweza kuyajaza mfukoni na kuyatafuna njiani. Michembe nayo ni hivyo hivyo, ila huihitaji kupikwa kwanza.

Siku ya mashindano, kula saa tatu au nne kabla, chakula ulichokizoea, kisicho na mafuta mengi. Siku hiyo si ya kujaribu jambo jipya. Walimu mniwie radhi, lakini mtoto anayepandishwa kwenye lori alfajiri kwa chai ya rangi na andazi moja, akashindanishwa saa saba mchana, hakushindwa na mpinzani. Kamati za shule zipange uji wa ulezi wenye karanga na maziwa katika bajeti ya timu kabla ya kupanga jezi.

Maji ni jambo fupi lakini halina mzaha. Msinywe ya ziwani bila kuyachemsha au kuyatibu, hata kama mtumbwi uko katikati na kiu imewashika. Kwa shughuli ndefu ya juani, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi hutengeneza kinywaji kinachorudisha alichopoteza mtu kwa jasho. Ndicho kipimo kile kile tunachowapa watoto wanaoharisha.

Sasa nije kwenye damu, kwa kuwa hapa ndipo vijana wengi wa mwambao wanapopotea njia. Anakuja mchezaji na kulalamika: zamani nilimaliza dakika tisini, siku hizi dakika ya thelathini pumzi zimekwisha. Rafiki yake anamshauri anunue cha kuongeza nguvu. Lakini huyu anaogelea ziwani kila jioni, anavua samaki, analima mpunga kwenye majaruba, na mara nyingi anatembea peku. Huenda ana kichocho cha tumbo, kinachokula damu yake polepole ndani ya utumbo. Huenda ana safura ya minyoo. Huenda ana malaria isiyompandisha homa kali, kwa kuwa mwili wake umeizoea. Yote matatu hupunguza damu, na damu ndiyo inayobeba hewa kwenda kwenye misuli. Ukishapunguza wachukuzi, mzigo hautafika, hata ukimpiga fimbo mwenye mkokoteni.

Dawa ya mtu huyu ni kwenda zahanati apimwe choo, malaria na wingi wa damu. Mwanamume mzima akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, au mwanamke asiye mjamzito chini ya gramu 12, ana upungufu. Kichocho kinatibiwa kwa prazikwanteli, na minyoo ina vidonge vyake. Mabinti wanaopoteza damu kila mwezi wanahitaji madini ya chuma zaidi, basi dagaa, mgagani na maharage yawe yao kwanza, pamoja na chungwa au embe ili chuma kipokelewe vizuri. Chai isinywewe pamoja na chakula, ingojee saa moja. Na binti ambaye hedhi yake imekoma baada ya kuongeza mazoezi asipongezwe kwamba ameiva. Mwili wake unasema haulishwi vya kutosha, na mifupa yake inalipa gharama.

Wako waliotaka kuongeza damu kwa njia ya mkato. Majirani zetu Wakenya wamelipia somo hilo kwa bei kubwa. Rita Jeptoo, bingwa wa Boston na Chicago, alikutwa mwaka 2014 na EPO, homoni ambayo figo zetu huitengeneza ili kuchochea uundaji wa damu, na ambayo viwandani hutengenezwa kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 2016 adhabu yake ilifikishwa miaka minne. Jemima Sumgong, bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya Rio, alikutwa na EPO hiyo hiyo mwaka 2017. Ukimdunga mtu mzima mwenye afya, damu huwa nzito kama uji, na moyo unalazimika kuusukuma uji huo.

Hata hivyo kisa ninachotaka wazazi wakikumbuke ni cha Ruth Chepngetich. Oktoba 2024 huko Chicago aliweka rekodi ya dunia ya wanawake: saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Machi 2025 mkojo wake ulikutwa na haidroklorothiazidi. Hiyo ni dawa ya shinikizo la damu, na bila shaka imo katika nyumba za baadhi ya wazee walioketi hapa mbele. Imekatazwa kwa wanamichezo wa riadha kwa sababu huongeza mkojo na inaweza kuficha dawa nyingine. Chepngetich alieleza kuwa aliugua, akatumia dawa za mfanyakazi wake wa nyumbani. Maelezo hayo hayakumwokoa. Oktoba 2025 alifungiwa miaka mitatu, baada ya kupunguziwa mmoja kwa kukiri mapema.

Kanuni za Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, lililoanzishwa mwaka 1999, zinamwajibisha mwanamichezo kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake. "Nilipewa na shangazi" si utetezi. Ndiyo maana desturi yetu njema ya kugawana vidonge nyumbani, ambayo mimi kama mtu wa huku naielewa, ni hatari kwa mtoto anayeelekea timu ya taifa.

Tazameni vilivyo karibu nasi. Predinisoloni na deksamethasoni, zinazouzwa kimyakimya kwa wanaotaka kunenepa au kuongeza hamu ya kula, zimekatazwa wakati wa mashindano zikimezwa au kudungwa, na zikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Tramadoli imekatazwa mashindanoni tangu Januari 2024. Baadhi ya dawa za mafua na kikohozi zina efedrini. Bangi na mirungi, ambavyo sheria ya nchi imekwisha kuvikataza, vinakutwa pia kwenye mkojo. Waendesha baiskeli wakumbuke Mwingereza Tom Simpson, aliyeanguka na kufa mlimani Ufaransa mwaka 1967 akiwa na amfetamini mwilini. Dawa ile ilimzuia kuhisi kwamba mwili umefika mwisho, na jua likafanya lililobaki.

Nisieleweke kwamba kila msaada ni dhambi. Kahawa, tuletewayo na ndugu zetu wa Kagera, inasaidia kweli katika mbio ndefu, na kafeini iliondolewa kwenye orodha ya vilivyokatazwa mwaka 2004. Kreatini inaruhusiwa, nayo imo kiasi katika samaki na nyama. Tatizo la makopo ni kwamba mengine yamechanganywa na vitu visivyoandikwa kwenye lebo, na adhabu humwangukia aliyekunywa.

Kwa mwenye pumu au kisukari, asiache tiba hata siku moja kwa kuogopa kupimwa. Kuna utaratibu wa kuomba ruhusa ya kutumia dawa kwa sababu ya ugonjwa, na dawa ya pumu ya kuvuta ya salbutamoli inaruhusiwa ndani ya kipimo.

Ombi langu kwa makocha ni daftari moja kwa kila timu. Andikeni humo kila dawa anayopewa mchezaji, tarehe, na aliyempa. Mchezaji akifika zahanati au duka la dawa muhimu, aseme kabla ya kutaja maumivu yake: mimi ni mwanamichezo, ninashindana. Na kabla timu haijaanza mazoezi ya kambi, wachezaji wote wapelekwe kupimwa kichocho, malaria na wingi wa damu kwa siku moja. Walimu wakuu waliopo hapa tukutane baada ya maswali ili tupange ni shule ipi ianze.