Koleo Moja, Wahunzi Arobaini

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walisema kweli, lakini walikuwa wakimsema mhunzi mwenye koleo la pili. Mwenye koleo moja hulificha uvunguni, na wanagenzi wake hujifunza uhunzi kwa kulitazama. Ndivyo yalivyo mafunzo ya kompyuta katika shule zetu nyingi. Chumba kipo, kompyuta ni chache, na ufunguo anao mkuu wa shule. Mwanafunzi haruhusiwi kufungua kifuniko wala kugusa mipangilio ya ndani, kwani akiharibu hakuna nyingine.

Juma hili tuzungumzie dawa moja inayotajwa sana, nayo ni maabara pepe. Tuipime kwa hali ya Kibiti na delta ya Rufiji, maana dawa itakayofaa huko itafaa pengi.

Maabara pepe ni nini? Kwa wanafunzi wa kompyuta na mitandao, ni programu inayoigiza vifaa. Mwanafunzi huketi mbele ya kompyuta moja, akachora kwenye kioo kompyuta kumi, swichi tatu na ruta mbili. Huziunganisha kwa nyaya za kuchora, akazipa anwani, kisha akatuma ujumbe na kutazama unapita wapi na unakwama wapi. Programu ya Packet Tracer ya kampuni ya Cisco hufanya kazi hiyo, na hutolewa bure kwa wanafunzi. Zipo pia programu kama VirtualBox, zinazoiwezesha kompyuta moja kubeba ndani yake kompyuta nyingine. Mwanafunzi akiivuruga ile ya ndani, mwalimu huirudisha ilivyokuwa kwa muda mfupi tu.

Wazo lenyewe si geni. Kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wake wa namna hiyo, VM/370, mwaka 1972. Miaka miwili baadaye, mwaka 1974, nchi yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo iliondolewa zamani, lakini woga wa kuigusa mashine bado umo katika madarasa yetu. Faida kubwa ya maabara pepe ni kuuondoa woga huo. Rubani hukosea kwanza katika mashine inayoiga ndege, kabla ya kukabidhiwa abiria. Fundi wa mitandao naye anahitaji mahali pa kukosea mara mia bila kumtia mtu hasara.

Sasa twende Kibiti. Mji huo uko kwenye barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, na kutoka Dar es Salaam hauzidi kilometa 150. Lakini wilaya hiyo, iliyomegwa kutoka Rufiji, ina upande wa pili. Huko mto hugawanyika katika mikono mingi, ukapita kati ya mikoko na visiwa hadi baharini. Ukifika Nyamisati, gari limekwisha kazi. Safari inayobaki ni ya chombo, na chombo husubiri maji yajae. Kupeleka ruta na swichi za kutosha katika kila shule ya huko ni gharama kubwa. Lakini programu zote nilizozitaja hubebwa katika kifaa kinachoenea mfukoni.

Hadi hapo dawa inaonekana njema. Hata hivyo, dawa hii ina masharti mawili.

Sharti la kwanza ni mahali maabara hiyo inapokaa. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na mvua zikaikata barabara ya Lindi mahali kadhaa. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota nchi nzima. Maabara inayoishi katika mitambo ya ng'ambo ingefungwa siku hiyo hiyo, Kibiti na hata Kariakoo.

Somo hili tumewahi kulipata. Katika muongo wa 2000, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Makerere cha Uganda na Obafemi Awolowo cha Nigeria, viliingia katika mpango wa iLab wa chuo cha MIT cha Marekani. Katika mpango huo mwanafunzi aliyeko Afrika aliweza kuendesha jaribio kwa vifaa halisi vilivyoko mbali, kupitia intaneti. Lakini enzi zile, kabla ya waya wa SEACOM kuanza kazi mwaka 2009, tulitegemea setilaiti, na njia hiyo ilikuwa nyembamba tena ghali. Vyuo hivyo havikukaa kulalamika. Vilianza kujenga maabara zao wenyewe, ili vifaa viwe karibu na mwanafunzi.

Kwa shule ya Mbwera au Salale maana yake ni nini? Ni kompyuta moja yenye nguvu, iliyowekwa shuleni hapo hapo, iliyopakiwa programu na mazoezi yote. Kando yake ziwe kompyuta za mpakato, ambazo hula umeme kidogo na huweza kuendeshwa kwa umeme wa jua. Ziunganishwe kwa waya ndani ya shule. Intaneti ikija, heri. Isipokuja, somo liendelee.

Sharti la pili ni zito zaidi. Katika maabara pepe waya haupati kutu. Panya hatafuni kitu, radi haipigi, umeme haukatiki, na hewa ya chumvi haili viungio. Kila kosa ni la mipangilio, na hurekebishwa kwa kuandika. Fundi wa delta atakutana na makosa ya aina nyingine kabisa, ambayo hupatikana kwa kushika, kunusa na kupanda ngazi. Hakuna aliyejua kuogelea kwa kusimuliwa mto.

Hofu yangu, ndugu wasikilizaji, ni kwamba maabara pepe inaweza kugeuzwa kisingizio. Mtoto wa mjini akapewa vifaa, na mtoto wa delta akapewa picha ya vifaa, kisha wote wawili wakaandikiwa cheti cha jina moja. Siku ya kutafuta kazi ndipo mmoja atakapogundua kuwa alidanganywa.

Kinga ya hatari hiyo haina gharama ya kutisha. Ule mtandao mdogo wa shule niliousema, wajenge wanafunzi wenyewe chini ya fundi. Wapewe bunda la waya, viunganishi, na koleo la kuvibania. Wavute waya, waupime, na ukiharibika wautengeneze wao. Asubuhi wafanye mazoezi kwenye kioo, mchana wakafanye ukutani. Aidha, kwa kuwa mkondo wa elimu ya amali ulianza kutekelezwa mwaka 2024, mtahini naye ampime mwanafunzi kwa waya ulio mkononi, na si kwa karatasi peke yake.

Nanyi mlioko mijini, mnaobadilisha vifaa vya ofisi kila baada ya miaka michache, swichi mnayoitupa stoo ingali hai inaweza kufundisha darasa zima. Pelekeni iliyo nzima, si takataka. Kwa wazazi na halmashauri, swali la kuuliza shuleni ni jepesi: katika muhula huu, mtoto wetu ameharibu nini, na amekitengenezaje? Kama jibu ni kwamba hajagusa kitu, basi koleo bado liko uvunguni.

Hadi juma lijalo, kwaherini.