Usipoziba Ufa: Mabomba ya Newark na Matanki Yetu

Mimi si mwanasiasa wala mchumi. Ni muuguzi hapa New Jersey, na hoja yangu inaanzia kwenye kidole cha mtoto.

Mtoto akiletwa kupimwa madini ya risasi, tunamtoboa kidole na kuchukua matone ya damu. Mwaka 2019 mabomba ya zamani ya Newark yalikuwa yakitoa risasi kwenye maji ya kunywa. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na ubongo ukishadhurika hatuna dawa ya kuurudisha. Mama mmoja nilimwambia atumie chujio mpaka bomba libadilishwe. Akanijibu, "Nyumba yenyewe si yangu." Nilikosa la kusema.

Mwanzoni mwenye nyumba alitakiwa kuchangia gharama za bomba linaloingia kwake. Mpangaji afanyeje basi? Agosti 2019 Kaunti ya Essex ikatangaza kukopa dola milioni 120 kwa dhamana yake ili kuisaidia Newark. Wenye nyumba hawakulipa hata senti, na jiji likapitisha sheria ndogo ya kuruhusu mafundi waingie hata pale mwenye nyumba asipopatikana. Kwa chini ya miaka mitatu, mabomba zaidi ya 20,000 yalibadilishwa.

Sasa tujitazame sisi. Bomba la mtaa likichakaa nyumbani, tunatuma dola. Mimi mwenyewe nimemnunulia mama tanki kule Tanga, na jirani yake asiye na mtoto ng'ambo anabaki na ndoo yake. Kila mtu na tanki lake, bomba la wote linaendelea kuoza. Hayo ndiyo maendeleo?

Msiniambie haiwezekani. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, chombo cha umma, iliuza hatifungani na kupata fedha za kupanua na kuboresha huduma ya maji. Waliokopesha ni wananchi na taasisi.

Najua mtasema, "Dada, hela zitaliwa." Hofu hiyo ni ya haki. Hata Newark, Oktoba 2024, watu wawili wa kampuni moja iliyopewa kazi walishtakiwa kwa madai ya kuacha mabomba ya risasi ardhini huku wakisema wameyabadilisha. Lakini dawa ya mwizi ni ukaguzi. Tukiacha bomba lioze kwa kumwogopa mwizi, anayeumia ni mtoto.

Kwa hiyo nashauri hivi: kabla ya kutuma hela ya tanki lingine, tumwulize diwani wetu bomba la mtaa lina umri gani, litatengenezwa lini, na kwa fedha zipi. Tuulize pia deni litalipwaje, na nani atachimba kuhakiki.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naomba kutoa hoja.