Kabla ya Uamuzi: Kazi ya Mhadhara wa Umma katika Meru na Embu

Mnamo Mei 2024, Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alipiga marufuku kuingizwa, kuuzwa na kutumiwa kwa muguka, majani ya kutafuna yanayochangamsha mwili, katika kaunti yake. Kilifi ikafuata, kisha Taita Taveta. Siku chache hazikupita kabla ya Mahakama Kuu ya Embu kusimamisha utekelezaji wa amri za Mombasa na Kilifi. Naye Rais William Ruto akawaambia viongozi wa Embu kwamba marufuku hayo hayana nguvu, kwa kuwa sheria ya taifa inautambua muguka kuwa zao la kilimo.

Uchungu ulikuwa wa kweli pande zote mbili. Pwani kuna mzazi anayemwona mwanawe akikesha na kutafuna hadi masomo yakamshinda. Mbeere, nyanda kame za Embu ambako mahindi hunyauka kabla ya kubeba, kuna mzazi mwingine anayelipa karo kwa majani yayo hayo. Wawili hao hawakupata kuketi ukumbi mmoja mbele ya mtaalamu wa kemia, daktari wa akili na mwanasheria, wakauliza maswali yao na kujibiwa. Walikutana kupitia amri, maandamano na kesi.

Mhadhara huu unashikilia kwamba ukumbi huo ni jukumu la vyuo vikuu, na kwamba vyuo vya mashariki ya Mlima Kenya havina kisingizio cha kuukosa. Kaaga, mjini Meru, kuna Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichopata hati mwaka 2006. Vyuo vya Chuka na Meru vilipata zao mwaka 2013, na cha Embu kikapata Oktoba 2016. Miaka ishirini iliyopita kijana wa Runyenjes aliyetaka shahada mara nyingi alipanda matatu kwenda Nairobi au mbali zaidi. Leo profesa ni jirani yake.

Isitoshe, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, katika ardhi iliyotolewa na Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, hapo hapo yalipo makao ya baraza hilo. Kujadili mambo ya umma hakukuletwa Meru na wasomi. Njuri Ncheke imetunga sheria, ikaamua migogoro ya mashamba na kupatanisha koo tangu kabla ya ukoloni. Lakini historia yake ina somo moja chungu, na linafaa kusimuliwa bila kumung'unywa.

Mwaka 1956, kwa kuhimizwa na maafisa wa kikoloni, Njuri Ncheke ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Lengo lilikuwa jema, na hakuna daktari leo atakayelipinga. Hata hivyo, waliokaa kuamua walikuwa wanaume watupu. Wanawake waliosimamia tohara hiyo hawakuwamo, wala wasichana wenyewe. Kilichofuata kiliwashangaza wakuu wa wilaya: wasichana walinunua nyembe madukani, wakaenda vichakani na kukeketana. Wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Mwanahistoria Mmarekani Lynn Thomas, aliyehoji wazee wa Meru na kupekua kumbukumbu za mahakama, ameonyesha kwamba katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Sheria ya taifa dhidi ya ukeketaji ilipitishwa mwaka 2011, baada ya miaka mingi ya mazungumzo makanisani, shuleni na katika vikundi vya akina mama. Kazi hiyo ya kushawishi ingalianza mwaka 1956, pengine wasichana wengi wangaliokoka.

Katiba ya 2010 imeliweka somo hilo la kushirikisha watu katika maandishi. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti kuwashirikisha. Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco, Mahakama ya Juu ilisema kwamba ushirikishwaji huo sharti uwe wa kweli, si wa kutimiza ada tu. Sasa mwananchi atashirikije katika jambo ambalo hajaelezwa? Akipewa mswada wa kurasa nyingi ulioandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na kikao cha saa mbili katika ukumbi wa wadi, atalalamikia barabara, atasaini orodha na kurudi nyumbani.

Hapo ndipo mhadhara unapohitajika. Desturi ya mhadhara wa uzinduzi inastahili heshima, kwa sababu humlazimu profesa kueleza kazi ya maisha yake mbele ya watu wasio wa fani yake. Lakini wasikilizaji wengi huwa wahadhiri wenzake na wanafunzi, na lugha huwa Kiingereza. Mtaalamu wa udongo aliyetumia miaka mingi akipima mashamba ya kahawa ya Manyatta ana deni kwa wenye mashamba hayo. Yeye na wenzake walipe kwa Kiswahili, na pale panapofaa kwa Kiembu au Kimeru, sokoni Siakago au Maua, siku ambayo si ya gulio.

Maelezo ya wazi hufaa hata yasipofuatwa. Uingereza ilipiga marufuku miraa, mmea wa jamii moja na muguka, mwaka 2014. Kabla ya hapo baraza lake la wataalamu lilichunguza madhara na kushauri miraa isipigwe marufuku. Serikali ilikataa ushauri huo, lakini ripoti ilichapishwa, na mkulima wa miraa wa Igembe, Meru, aliweza kuuliza kwa nini ushahidi uliwekwa kando.

Kalenda ya mihadhara kama hiyo ipo tayari. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inaitaka kaunti kupeleka mkakati wa fedha katika bunge lake kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mhadhara wa wazi wiki mbili kabla ya kila tarehe, ambapo mhasibu wa chuo anafungua vitabu vya kaunti mbele ya wakulima, wahudumu wa bodaboda na wawakilishi wadi, unahitaji viti, kipaza sauti na mhadhiri aliyejiandaa.