Majirani Wasiopewa Kadi ya Mwaliko

(Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu, Tabora)



Tunasimama mbele yenu kwa niaba ya familia yetu, ambayo imefanya biashara ya nafaka katika mji huu kwa vizazi vitatu. Waliotutangulia kusema wameeleza vizuri jinsi hekalu hili lilivyojengwa na nani alitoa nini. Sisi tumeombwa kusema machache kuhusu majirani wa hekalu. Tumeona tuwazungumzie wale ambao hawakupelekewa kadi ya mwaliko, nao wamefika hata hivyo: ndege, kindi, mijusi na popo.

Mji wetu ni mji wa wapitaji. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, misafara ya wapagazi ilikuja kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Mwaka 1861 Mwingereza Speke, alipokuwa akienda kutafuta chanzo cha mto Nile, alikaribishwa hapa na mfanyabiashara Musa Mzuri, mtu mwenye asili ya Surat. Huyo alikuwa Mwislamu, lakini alitoka katika nchi ile ile ya Gujarat waliyotoka babu zetu. Katika njia ile ilipandwa miembe ili watu wapate kivuli na tunda. Misafara imekwisha na pembe za ndovu zimekwisha, lakini miembe ingalipo, na ndani yake wamo wakaaji.

Asubuhi huja chozi, kindege mwenye mdomo uliopinda, akanyonya utamu wa maua yale yale ambayo mama zetu huyachuma kwa ajili ya puja. Mchana kindi hupita juu ya ukuta. Bibi zetu walitusimulia kwamba kindi alibeba mchanga kumsaidia Bwana Rama kujenga daraja la kwenda Lanka, na Rama akampapasa mgongoni kwa shukrani. Ifikapo mwezi wa Oktoba au Novemba huja mbayuwayu kutoka Ulaya. Uzito wake ni kama gramu 20 tu, nauli halipi wala pasi hana, na baada ya mvua hurudi alikotoka kwenda kuzaa. Usiku mjusi kafiri huwinda wadudu karibu na taa, na popo hutoka kula maembe, akitawanya mbegu za matunda kila apitapo.

Wapendwa, tuliishi katikati ya viumbe hawa zaidi ya miaka 50 bila kuwaona. Macho yetu yalikuwa kwenye mizani na kwenye daftari. Aliyetufumbua macho ni bundi, na alitufumbua kwa aibu.

Wengi wenu mnakumbuka ule msimu ambapo jozi ya bundi wenye uso mweupe ilizaa katika dari ya ghala nyuma ya hekalu. Mlio wao wa kukwaruza ulisikika usiku kucha. Mama mmoja jirani yetu, ambaye mumewe alikuwa mgonjwa, alikuja kwetu kwa adabu akasema, "Baba, ndege huyu ananiitia msiba." Hatukumcheka. Wazee wetu wa Kigujarati nao waliiogopa sauti ya bundi kama waogopavyo Waswahili. Lakini dini yetu hiyo hiyo inafundisha kwamba bundi ndiye kipando cha Mama Lakshmi, mwenye baraka ya mali, na kila Diwali sisi wafanyabiashara humwomba yeye tunapofungua madaftari mapya. Basi halmashauri ikaamua bundi waachwe. Vijana waliokuwa wamekuja na mawe na manati waliombwa waondoke, nao wakaondoka.

Mwaka ule panya walikuwa wengi. Kabla ya wiki mbili kupita, mlinzi alimkuta bundi mmoja chini ya mwembe, amekufa. Siku ya tatu akamkuta wa pili. Darini walikuwamo makinda wanne, nao wakafa kwa njaa. Tulikasirika sana. Tuliwaita wale vijana, tukawakaripia mbele ya wazazi wao, tukisema wamevunja ahadi. Walikana. Hatukuwasadiki.

Ndipo mtaalamu mmoja wa mifugo alipowatazama ndege wale na kutuambia kwamba hawakupigwa jiwe. Alituuliza kama tumetega sumu ya panya. Alitueleza kwamba sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Panya huishi siku kadhaa akiwa mlegevu, akiyumba peupe, na mwindaji humkamata kwa urahisi. Kila amlapo, hula na sumu yake.

Sumu ile tuliinunua sisi, tuliiuza sisi katika duka letu, na katika ghala la hekalu tuliitega sisi.

Tulipokwenda kusafisha dari tulikuta madonge mengi meusi, makubwa kama kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa asiyoweza kuyeyusha. Tulipasua madonge kumi juu ya gazeti, na ndani yake tulihesabu mafuvu ishirini na saba ya panya. Ndugu zangu wafanyabiashara watatuelewa tukisema kwamba siku hiyo tulijua tumemuua mlinzi aliyekuwa akifanya kazi bila mshahara. Panya shamba mmoja aweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja. Na panya mweusi wa nyumbani asili yake ni Bara Hindi. Alisambaa duniani kwa vyombo vya biashara. Kumbe naye ni mhamiaji mwenzetu, na bundi wa hapa ndiye aliyekuwa akimweka katika kiasi.

Yule mzee jirani yetu alifariki miezi saba baadaye, wakati darini hapakuwa na bundi tena. Mungu amrehemu. Hatusemi hayo ili kushindana na mtu. Mjane wake mwenyewe ndiye aliyetuambia siku ya arobaini, "Baba, ndege yule tulimsingizia."

Tangu hapo hatutegi sumu katika uwanja wa hekalu, na dukani tumeiondoa. Nafaka tunaiweka katika mapipa yenye vifuniko, matundu ya kuta tumeyaziba, na mitego tunaitumia. Tulipigilia kasha la mbao juu ya mwembe. Misimu miwili ya mvua ilipita likiwa tupu. Wa tatu likapata wapangaji.

Leo, baada ya arati ya jioni, mtawakuta watu barazani wakingoja. Wamo watoto wetu, watoto wanaotoka madrasa, na mara nyingi yule mama jirani, ambaye ndiye huwasikia wa kwanza. Bundi hutoka giza linapoanza kuingia, uso wake mfano wa moyo, akapita juu ya vichwa bila kishindo chochote, kwa kuwa manyoya ya mabawa yake ni laini mno. Masikio yake, moja likiwa juu kidogo kuliko jingine, humwonyesha panya alipo hata gizani. Watoto hushika pumzi. Nasi wazee pia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tukubali kusimama hapa. Wale vijana watatu tuliowakaripia mbele ya wazazi wao sasa ni watu wazima wenye familia, na wawili wao tunawaona katika mkutano huu. Tuliwakaripia hadharani, na tulipoujua ukweli tuliwaomba radhi faraghani. Hapo hatukutenda haki. Leo, mbele ya wazee hawa hawa, tunasema: hamkutupa jiwe, mlisema kweli, na kosa lilikuwa letu. Tunawaomba radhi.

Nanyi nyote tunawakaribisha jioni yoyote. Hakuna kiingilio. Njooni mkae barazani, zimeni simu, mtazame juu ya mwembe.

 Jai Shri Krishna.